Mama Bado

Wifi yangu hakai. Sisemi hatulii, hilo ni la wengi. Nasema hakai, kwa maana ya kuweka makalio kwenye kiti. Nimeolewa na mdogo wake miaka kumi na moja sasa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona ameketi nyumbani kwangu. Ukimpa kiti anakishika mgongo, anakisogeza pembeni kana kwamba kimemzibia njia, halafu anaendelea na maneno yake amesimama, mguu mmoja ndani, mwingine mlangoni. Chai anakunywa huku anazunguka. Mume wangu humwambia, "Dada, kaa basi, unanitia kizunguzungu." Naye hujibu, "Nakaa, nakaa," na ukigeuka tu unamkuta jikoni anakupangia vikombe upya, kama vile uliishi miaka yote bila kujua pa kuweka vikombe. Kazini walimpa jina la Mshale, ule mshale mwembamba wa sekunde kwenye saa ya ukutani, na jina likamganda mpaka wanawe wenyewe wanalitumia akiwa hayupo.

Miaka ya mwanzo nilimwona kero, sitaficha. Mawifi tuna yetu. Kisha kiwanda nilimokuwa nashona magunia kikafungwa, nikakaa nyumbani miezi minne nikitazama dari, na ni yeye huyo huyo kero aliyenishika mkono akanipeleka kazini kwake kuosha chupa. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa kidogo. Kidogo tu.

Kazini kwetu tunatengeneza ute wa mwani. Mwani unavunwa baharini, unakaushwa, unachemshwa kwenye mapipa makubwa, unatoa ute mzito, na ute ukikauka unasagwa kuwa unga mweupe. Unga huo umo kwenye dawa yako ya meno. Umo kwenye ganda la kidonge ulichomeza ulipoumwa, na kwenye bandeji wanazowekewa watu walioungua moto. Mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa napiga mswaki kila asubuhi bila habari kwamba nina bahari mdomoni.

Nyuma ya kiwanda, mbali na moshi wa mapipa, kuna chumba cha mbegu. Ni chumba kidogo chenye baridi, taa nyeupe ndefu, rafu za chuma na chupa za kioo zilizoingizwa mipira ya hewa, zinachemka viputo mchana kutwa. Humo kila chupa ina kichaka chake cha mwani. Na kwenye rafu ya juu kabisa, katika chupa pana kuliko zote, alikuwa Mama.

Mama alikuwa mwani, na tulimwita hivyo kwa sababu mbegu zote zilitoka kwake. Miaka tisa nyuma, Mshale alikuwa mkulima wa mwani, anafunga miche kwenye kamba majini kama wanawake wengine mia tatu wa eneo letu. Mwaka huo maji yakapata joto. Mashamba yote yakageuka meupe, yakalainika, yakadondoka kutoka kwenye kamba kipande baada ya kipande. Watu wakarudi nyumbani. Mshale, kwa kuwa hajui kurudi nyumbani, aliendelea kuzunguka majini, na katika shamba lake akakuta kichaka kimoja bado chekundu. Akaking'oa, akakitia kwenye ndoo ya maji, akajitwika, akatembea mpaka kwenye geti la kiwanda, na hakuondoka getini mpaka alipotoka mtu mwenye koti jeupe. Walimcheka kwanza. Walipokipima wakaacha kucheka, maana kichaka kile kilivumilia joto lililoua vingine vyote.

Wakakiweka kwenye chupa, na yeye wakamweka kando ya chupa. Mkulima akichukua mbegu baharini mwaka hadi mwaka, mwani huchoka na kubeba magonjwa. Kwa hiyo kila msimu tulirudi kwa Mama, tukakata vijipande visafi, tukavikuza, tukavigawa pwani nzima. Mashamba yote uliyokuwa ukiyaona majini yalikuwa wajukuu zake.

Kando ya chupa, nimesema, lakini kama kibarua. Mkataba wa miezi sita, ukiisha mwingine. Na kila mkataba ulipoisha Mshale alikwenda kwenye dirisha la ofisi akauliza, "Barua yangu ya ajira ya kudumu imetoka?" Karani, bila kuinua kichwa, akajibu, "Bado." Miaka tisa, mara mbili kwa mwaka. Bado kumi na nane.

Mama alikula mara moja kwa siku, asubuhi. Chakula chake ni maji ya virutubisho yenye rangi ya kahawia, nasi tuliyaita maziwa, kwa sababu ni mama na kwa sababu kazi ya kuosha chupa inachosha na lazima mtu acheke. Jina la Mama nalo lilimletea Mshale sifa mbaya mtaani. Majirani walimsikia kwenye simu akipita barabarani: "Mama amekula? Mmembadilishia maji? Msimguse mpaka nifike!" Jirani mmoja, mwanamke mwenye huruma, alikuja kwangu kuniuliza taratibu kwa nini familia yetu inamfungia mzee ndani.

Utaratibu wa kulisha ulikuwa rahisi. Mshale alilisha asubuhi. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na glovu, mimi ndiye niliyeandika kwenye ubao mweupe kando ya mlango, mstari mmoja kwa kila chupa: amekula. Mchana aliingia fundi wa maji, mtu mpole wa makamo, anayeangalia pampu na kukaa mpaka jioni. Akikuta chupa haijalishwa, analisha yeye. Fundi ni mtu wa kufuata maandishi. Ubao ukimwambia aruke, ataruka, kisha ataandika kwamba ameruka.

Basi siku moja mkurugenzi akatukusanya kwenye ghala. Alivaa tai, tukajua kuna jambo. Akasema ujumbe kutoka nchi tano jirani za pwani unakuja kutuona. Akasema uchumi wa bahari, akasema kanda, akasema mnyororo wa thamani, akasema kanda tena, mpaka mwanamke wa mapipa aliyesimama nyuma yangu akaninong'oneza, "Hiyo kanda ni ya muziki gani?" Lakini ukiyachuja maneno yake yote, maana ilikuwa kubwa kweli. Nchi hizo zilitaka mbegu moja, safi, inayovumilia joto, ipandwe pwani zote. Moja ifungue kiwanda cha bandeji, nyingine cha maganda ya vidonge, nyingine cha chakula cha samaki. Na mbegu itoke kwetu. Itajengwa nyumba kubwa ya mbegu, itakuwa na msimamizi, na msimamizi atakuwa na ajira ya kudumu.

Hapo akamtazama Mshale. "Wakimwona Mama yuko vizuri Alhamisi, si hii inayokuja bali ile inayofuata," alisema, "barua utaisaini wewe." Tulisikia wote.

Kuanzia siku hiyo mshale wa sekunde ukawa feni. Mkurugenzi alimwita vikaoni asubuhi na mchana. Fundi wa vioo alileta tangi kubwa zuri la maonyesho, ambalo Mama angehamishiwa maji yake yakishatulia. Jumatatu Mshale aliingia mbio, akamlisha Mama, akalisha na zile chupa mbili za rafu ya chini tulizoziita pacha, vipande vya Mama vya akiba, akavua glovu huku anatoka. Alikuwa tayari kwenye ukumbi aliponitupia maneno. "Wifi, andika: Mama amekula, kuhama bado. Pacha vivyo hivyo. Na kila siku uandike hivyo mpaka nitakapowahamisha."

Nilisikia. Sitasema sikusikia. Lakini kalamu ya ubao ilikuwa inakauka, ukiibonyeza inakwaruza tu, na kwenda stoo kuomba nyingine ni kujaza fomu. Nikafikiri, amekula inajulikana, kila siku anakula. Jipya ni kuhama. Basi kwenye mstari wa Mama nikaandika neno moja, BADO, kwa herufi kubwa, nikachora mshale kushuka mpaka kwa pacha. Na kwa kuwa kesho yake ningetakiwa kuandika kile kile, nililiacha lilivyo wiki nzima. Niliona nimefanya jambo la akili. Nilijisifu kabisa, moyoni.

Mchana fundi akaingia, akasoma: Mama, bado. Yaani hajala. Akamlisha. Akawalisha na pacha. Jumanne, vivyo hivyo. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Alituambia baadaye kwamba alishangaa Mshale kusahau siku tano mfululizo, akasema ni hivi vikao, akamhurumia, na akaamua kumsaidia kimya kimya asije akaona aibu. Wema wake ndio uliotumaliza. Na Mshale naye kila asubuhi alipita mbele ya ubao ule ule, akasoma bado, akaona ni sawa: Mama hajahama. Kila aliyelisoma neno lile alilisoma sawasawa.

Jumamosi niliingia saa moja na nusu nikamkuta wifi yangu amesimama katikati ya chumba. Amesimama tu. Mikono imening'inia. Nilijua kuna msiba kabla sijajua ni wa nani, maana sikuwahi kumwona hivyo.

Maji ya Mama yalikuwa yamekuwa mazito, na ukungu wa kijani umetanda kwenye kioo. Ukimtazama kwa mbele matawi yake yalikuwa mekundu bado, manene, ya kupendeza. Lakini chini kwenye shina alikuwa mweupe. Mshale alivaa glovu, akaingiza kidole, akamgusa hapo, na sehemu ile ikaachia kama sabuni iliyolowa. Pacha walikuwa hivyo hivyo.

Mkurugenzi aliitwa. Fundi wa maji aliitwa, akaeleza, na katikati ya maelezo yake mwenyewe akaelewa, akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wote wakageuka kuutazama ubao.

"Nani aliandika hii bado?" mkurugenzi akauliza.

"Mimi," Mshale akasema.

Ningependa kusimulia kwamba alisema haraka mno, kabla sijafungua mdomo. Si kweli. Nilikuwa na dakika nzima ya kufungua mdomo. Niliikumbuka dari ya nyumbani, ile miezi minne, na nikaendelea kusugua chupa ambayo ilikuwa safi tangu jana. Nimewahi kuona aibu nyingine maishani, lakini hii ilikuwa na uzito wake.

Kisha likaja swali la kufanya nini, na hapo ndipo walipogongana. Mshale alisema lazima Mama akatwe siku hiyo hiyo: zichukuliwe ncha za matawi ambazo ugonjwa haujazifikia, zitiwe kwenye maji safi yaliyochemshwa, na mwili wote uliobaki utupwe. Weupe ule hupanda. Ukiachwa, Ijumaa ya wiki ijayo hakutakuwa na hata ncha.

"Na Alhamisi tutawaonyesha nini?" mkurugenzi akauliza.

"Ncha."

"Za ukubwa gani?"

Mshale alimwonyesha ukucha wa kidole chake kidogo.

Mkurugenzi alitembea mpaka mlangoni akarudi. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyekwisha kuandika barua tano kwa nchi tano. "Kwa mbele anaonekana mzima," alisema. "Mgeuzeni, mzibe huko chini na mawe. Alhamisi ipite, halafu mkate mnavyotaka. Ukimkata kabla ya Alhamisi, barua yako isahau. Nimemaliza."

Wifi yangu hakulala nyumbani, nadhani alitembea tu. Jumapili asubuhi alikuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza alikuja kuomba chumvi, akaondoka bila chumvi. Mara ya pili alifagia ua wangu uliokwisha kufagiliwa. Mara ya tatu mume wangu alichoka. "Dada, huyo si mama yetu. Ni jani."

"Wewe nilikubeba mgongoni mpaka ukaota meno," Mshale akamjibu. "Kama ungekuwa jani ningekuweka chini?" Akageuka kwangu. "Wifi, vaa viatu."

Ilikuwa saa sita mchana tulipofungua chumba cha mbegu. Kiwanda kilikuwa kimya, mapipa yamepoa. Alichemsha wembe mpya, akatandika sahani nyeupe, akamtoa Mama kwenye chupa kwa mikono miwili. Mimi nilishika taa. Mtu ambaye hajawahi kutulia kwenye kiti, mikono yake ilitulia kama imepigwa misumari. Alikata ncha, akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama, akaitupa. Akakata nyingine. Kutoka kwa Mama na pacha wote wawili alipata ncha kumi na moja. Mwili uliobaki, ule aliojitwika kutoka baharini miaka tisa nyuma, aliutia kwenye ndoo, na ndoo akaibeba mwenyewe mpaka nje.

Aliporudi nikasema, "Wifi, ule ubao..."

"Shika taa vizuri," akasema.

Dawa ya mwani uliolishwa kupita kiasi ni kuachwa. Hakuna maziwa, mwanga kidogo, chupa zifunikwe kitambaa, na hakuna kugusa. Sijui kama kuna dawa ambayo ingemtesa Mshale kuliko hiyo. Jumatatu alipiga deki chumba mara nne. Jumanne alishusha chupa tupu zote kutoka kwenye rafu akazipandisha upya kwa kufuata urefu. Kila baada ya nusu saa alikwenda mbele ya kile kitambaa, akanyoosha mkono, akaurudisha. Akiinua kitambaa asubuhi na jioni, tulihesabu. Kumi na moja zikawa nane. Nane zikawa tano. Jumatano asubuhi zilibaki tatu.

Jumatano hiyo hiyo mkurugenzi aliingia kuangalia tangi la maonyesho akakuta maji matupu. Alivyopiga kelele hata watu wa mapipa walizima moto kusikiliza. Alipomaliza, alimtuma mtu baharini, na mchana tangi likajazwa mwani mzuri mwekundu wa shambani. "Kesho huyu ndiye Mama," akasema. "Wewe utasimama nyuma, na utanyamaza. Ya kwako tutazungumza baadaye."

Wageni walikuja saa nne, watu tisa. Kati yao kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mfupi, ambaye wenzake walimpisha atangulie mlangoni. Nilimtazama vidole, ni mazoea ya kazi. Kucha zake zilikuwa zimeliwa na chumvi kama zetu.

Mkurugenzi alizungumza vizuri, tai imenyooka. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainama kwenye tangi. "Huyu ndiye mama wa mbegu?"

"Ndiye."

"Hajawahi kutoka kwenye chupa?"

"Miaka tisa, hajawahi."

Mama yule akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono majini, akainua shina. Palikuwa na mkunjo umelizunguka, mwembamba, kama alama ya pete kwenye kidole. "Sasa kamba iliyoacha alama hii," aliuliza kwa upole, "alifungwa nayo kwenye chupa?"

Mkurugenzi aliishika tai yake, akaanza kuinyoosha. Kisha Mshale akatoka nyuma, akapita katikati ya wageni na kwa haraka yake ile ile akamkanyaga mmoja, akakiondoa kitambaa kwenye chupa tatu ndogo. "Mama ni huyu," akasema. "Alilishwa mara mbili kwa siku, siku tano. Akaoza. Nikamkata Jumapili."

Mama yule mgeni akasogeza miwani, akatazama vile vijipande vitatu vya ukubwa wa kucha. "Amekufa?"

"Bado," Mshale akasema.

"Ilikuwaje alishwe mara mbili?"

"Mimi niliandika kwenye ubao..."

"Si yeye," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na chupa niliyokuwa nayo ikaniponyoka ikavunjikia kwenye sinki. Watu tisa na mkurugenzi wakanigeukia. Nilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko. Nikasema ni mimi niliyeandika. Nikasema niliambiwa maneno manne nikaandika moja, kwa sababu ya uvivu na kalamu. Nikasema Jumamosi niliulizwa nikanyamaza, na yeye akanibebea, na ndiyo maana anakosa barua aliyoingoja miaka tisa. Nilikuwa nalia, lakini niliyasema yote.

Mama yule hakusema pole. Alisema, "Hebu andika ulivyoandika."

Nikachukua kalamu ile ile iliyokauka, nikaandika kwenye mstari wa Mama: BADO. Akasimama mbele ya ubao akalitazama neno kwa muda. "Ningemlisha na mimi," akasema.

Hawakusaini chochote siku hiyo. Walisema watarudi baada ya miezi mitatu kuona kama kile kilichokatwa kimeota. Saa nane mchana mkurugenzi aliniita, akaniambia kazi yangu imeishia hapo kwa sababu ya ubao. Mimi na yeye tulijua ni kwa sababu ya mdomo. Nikavua aproni, nikaenda nyumbani kuonana tena na dari yangu.

Miezi mitatu hiyo Mshale alipitia kwangu kila siku akitoka kazini, bado kibarua, bado amesimama. Sikumpa hata nafasi ya kusalimia. "Wifi, Mama?" Akanijibu mguu mmoja mlangoni: wamebaki wawili. Siku nyingine: hawajabadilika. Siku nyingine: mmoja ana kidoti chekundu ubavuni, lakini usiseme, tusije tukamtia mkosi. Kisha kidoti kikawa tawi. Wiki iliyofuata nilimwomba radhi kama inavyotakiwa, nikamwuliza ilikuwaje akanibebea kosa lile mbele ya watu.

"Hiyo bado niliijua ni yako tangu Jumamosi," alisema akiendelea kukunja nguo zangu zilizokwisha kukunjwa. "D yako ina tumbo kama mjamzito. Lakini mimi nami nilikupa maagizo huku nakimbia. Tungefukuzwa wawili, nani angemkata?"

Wageni walirudi. Sikuwapo, nasimulia nilivyosimuliwa: yule mama mwenye kucha za chumvi alichungulia chupa, akacheka peke yake, wakaenda ofisini, wakasaini, nchi zote tano.

Kesho yake, saa tano asubuhi, saa ambayo angekuwa kazini, wifi yangu aliingia kwangu. Akakishika kiti mgongo. Nikangoja akisogeze pembeni. Akakivuta, akakaa.

Nikapiga ukelele. "Mama amekufa!"

"Mama ana urefu wa vidole vinne, acha uchuro," akasema. Akafungua mkoba, akatoa bahasha, akaiweka mezani. Ilikuwa barua. Jina lake lilikuwa limechapwa juu, msimamizi wa nyumba ya mbegu, ajira ya kudumu. Nikaisoma yote mpaka chini, na chini pale pa kutia sahihi palikuwa peupe.

"Mbona hujasaini?"

"Karani amekuja kwenye chumba changu mara mbili asubuhi hii. Ametumwa na mkurugenzi, wageni wanangoja nakala. Kasimama mlangoni, ananiuliza, mama, umeshasaini?"

"Ukamwambiaje?"

"Bado." Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja kitu alichokisikia kwa wengine miaka mingi. "Nikamwambia sinki langu limejaa chupa chafu, na aliyekuwa anaziosha wamemfukuza. Akirudi yeye, nasaini. Dakika kumi baadaye karani akarudi mbio. Mkurugenzi amesema uje. Lakini ubao hutaugusa."

Nilikwishainuka kutafuta viatu, kimoja nakiona, kingine sikioni, natazama chini ya meza, nyuma ya mlango, nazunguka chumba kizima.

"Unakimbilia wapi?" wifi yangu akaniuliza kutoka kwenye kiti. "Kaa. Niwekee chai kwanza, waache wangoje kidogo."